Leo Hatuvuki: Historia ya Uokoaji Katika Mto Tana

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Mombasa, ule ambao wengi huuita Pirates, una waokoaji wake. Wanajulikana kwa sare na filimbi, na muogeleaji akienda mbali kupita kiasi hupigiwa filimbi arudi. Ukiondoka hapo ukaelekea kaskazini, ukapita Malindi hadi Garsen, hukuti mtu wa namna hiyo. Mto Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi, kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini, na kwenye kingo zake hakuna mnara wa mlinzi. Hata hivyo watu wamekuwa wakiokolewa ndani yake tangu enzi ambazo Kenya haijawa na jina hilo. Uokoaji huo haukuanzishwa na shirika wala serikali. Uliachwa mikononi mwa mwenye mtumbwi, na kubwa alilokuwa nalo mwenye mtumbwi, kupita hata kafi lake, ni mamlaka ya kuwaambia abiria kwamba leo hatuvuki.

Mamlaka hayo yamepita mikono mingi: kutoka kwa mwenye mtumbwi hadi kwa watu wa feri, kisha kwa dereva wa basi, na siku hizi kwa yeyote atakayethubutu. Kuyafuatilia ndiko kuijua historia ya uokoaji Tana.

Mto na wenyewe

Wapokomo wamekaa kando ya Tana kuanzia upande wa juu hadi kwenye delta, wakilima mpunga, migomba na miembe. Kilimo chao kilitegemea mafuriko. Maji yakipanda hupita ukingo na kutandaza tope lenye rutuba, yakishuka watu hupanda. Waorma, na baadaye Wawardei, huja na ng'ombe wakati wa kiangazi na kuteremka mtoni kwa njia ziitwazo malka. Wamunyoyaya ni wavuvi wa sehemu za juu. Kwa watu wote hawa gharika ya kawaida haikuwa msiba. Ilikuwa msimu uliosubiriwa, na ukichelewa watu walilala njaa.

Kwa hiyo watu waliishi karibu na maji kwa makusudi, wakavuka kila siku kwenda shamba, msibani, harusini na sokoni. Wanawake walichota maji mahali palepale mamba walipojificha. Viboko waliota jua kwenye vina ambavyo mtumbwi hauna budi kuvipita. Hatari ya kufa maji ilikuwapo mwaka mzima, masika na kiangazi, na kila kijiji kililazimika kuwa na watu wanaojua la kufanya.

Chombo chao kilikuwa mtumbwi wa gogo moja, uliochongwa kwa mti kama mkuyu, mwembe, au ule mpopla wa Tana ambao huota kando ya mito michache tu ya Kenya na sasa umeadimika. Mtumbwi wa namna hiyo hauna mkuku. Ni mwembamba, huyumba mtu akigeuka ghafla, na mgeni huambiwa akae chini, mikono ndani, asiinuke hadi ukingoni. Mwendeshaji husimama nyuma. Penye maji haba hutumia upondo, penye kina hutumia kafi.

Kumwokoa mtu kwa chombo kinachopinduka kirahisi hivyo ni kazi yenye utaratibu wake. Mwokoaji hamwendei anayezama moja kwa moja kutoka juu, kwa sababu mkondo utamgongesha mtumbwi juu ya mtu huyo. Hushuka hadi chini yake, akageuza omo kuelekea mkondo, akamngoja maji yamlete. Hampi mkono. Mfa maji hukamata maji, na akipewa mkono atamvuta mwokoaji na mtumbwi wote ujae. Hunyoshewa upondo. Akishaushika na kutulia, haingizwi kwa ubavuni, maana uzito wake ungekibinua chombo. Hushikizwa kwenye ncha ya mtumbwi, mbele au nyuma, na kukokotwa hivyo hivyo hadi ukingoni. Wakati huo waliobaki nchi kavu hupiga kelele na kuyapiga maji ili mamba asisogee. Kazi yote yaweza kumalizika kwa dakika chache, na kila hatua yake ina sababu iliyolipiwa kwa maisha ya mtu fulani zamani.

Wageni walipoanza kuupanda mto huu waliutegemea ujuzi huo. Mwaka 1878 Wajerumani Gustav Fischer na Clemens Denhardt walisafiri Tana, na safari kama hizo hazikuwezekana bila mitumbwi na watu wa mto. Mwaka 1891 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilileta stima yenye gurudumu nyuma, iliyopewa jina Kenia, na Kamanda Dundas akaipandisha hadi Hameye, mbali sana juu ya mto. Ilikuwa safari ya kusifiwa, lakini haikuzaa usafiri wa stima wa kudumu. Tana huhamisha mafungu yake ya mchanga, huangusha miti ya ukingoni na kuificha chini ya maji ya tope, na hubadilisha njia yake kabisa. Tangu karne ya 19, baada ya mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Mto Ozi, mlango wake mkuu umekuwa Kipini badala ya ule wa zamani ulio kusini zaidi. Chombo kikubwa chenye ramani ya mwaka jana hakikufua dafu. Mtumbwi ukabaki.

Kwingineko watu waliandika na kulipa

Karne hizo hizo, nchi nyingine zilikuwa zikiugeuza uokoaji wa majini kuwa kazi ya taasisi. Nchini China, kwenye Mto Yangtze, kulikuwa na chama cha kuokoa maisha mjini Zhenjiang tangu mwanzoni mwa karne ya 18. Amsterdam, mji wa mifereji, ulianzisha chama cha kuokoa waliozama mwaka 1767. London ikafuata mwaka 1774 kwa chama kilichoasisiwa na madaktari William Hawes na Thomas Cogan. Mwaka 1824 Uingereza ilipata chama cha boti za uokoaji baharini, na mwaka 1907 Waaustralia walianza vikundi vya kulinda waogeleaji kwenye mawimbi ya Bondi, mfano ambao ufuo wa kitalii duniani kote umeuiga.

Ukiangalia vyama vya Amsterdam na London vilivyofanya kazi mwanzoni, havikuajiri waokoaji wapya. Viliwatafuta wale wale waliokuwa wakiokoa tangu hapo, yaani wapiga makasia, wavuvi na watu wa bandarini. Vikawapa zawadi ya fedha kwa kila mtu aliyetolewa majini, vikachapisha maelekezo ya namna ya kumzindua, na vikaandika kila tukio. Ufundi ulikuwapo tayari mtaani. Taasisi ziliongeza malipo, maandishi na heshima ya kisheria.

Tana ufundi ulikuwapo, lakini malipo hayakuja, wala maandishi. Serikali ya kikoloni iliuona mto kama njia ya kodi na kizuizi cha barabara. Mwenye mtumbwi aliyemtoa mtoto majini alishukuriwa na wazazi, jambo likaishia kijijini.

Feri ya Garsen

Barabara ya Malindi kwenda Lamu ilipofika Tana ilikutana na maji. Garsen pakawa kivuko. Kwa miaka mingi magari yalivushwa kwa pantoni iliyovutwa kwa mikono. Lori lilipanda taratibu, abiria wakashuka na kusimama kando, watu wa feri wakaanza kuvuta, na ng'ambo ya pili shughuli ikaanza upya. Foleni ikiwa ndefu, mtu alikuwa na muda wa kunywa chai, kuswali, na kujua habari zote za Witu na Mpeketoni kabla hajavuka.

Mahali hapo pa kungojea ndipo mamlaka ya kale yalipopata kazi rasmi. Watu wa feri waliujua mto kama wenye mitumbwi walivyoujua, na wengi wao walikuwa watu wa mto wenyewe. Maji yakipanda, pantoni ilifungwa kamba, na hakuna dereva aliyeweza kuivusha mwenyewe kwa hasira. Awe tajiri wa lori, awe mkuu wa wilaya, alilala Garsen. Mafuriko yakizidi na barabara kukatika, kulikuwa na utaratibu mwingine: basi la kutoka Malindi hushusha abiria upande mmoja, mitumbwi ikawavusha pamoja na mizigo yao, na basi jingine likawachukua upande wa Lamu. Ilikuwa adha, hasa kwa mwenye watoto na mbuzi. Lakini katika adha hiyo kila hatua ilikuwa na mtu wa kukadiria maji kwa macho kabla ya kukubali abiria. Wahenga walisema kawia ufike, na Garsen walikawia kwa lazima.

Gharika ya 1961

Mwaka 1961, baada ya ukame mkali, mvua zilinyesha kuanzia Oktoba kwa kiwango ambacho wazee wa Tana walikuja kukitumia kama kipimo cha miaka. Wakenya wengi huyaita mafuriko ya Uhuru, kwa kuwa yalikuja nchi ikiwa inaelekea kujitawala. Bonde lote la Tana ya chini likawa ziwa. Barabara zilikatika, vijiji vikawa visiwa, na Jeshi la Anga la Uingereza likatumwa kudondosha magunia ya chakula kutoka angani.

Hapo ndipo uokoaji wa serikali ulipoingia katika historia ya mto huu kwa mara ya kwanza kwa ukubwa, na uliingia kwa juu. Ndege iliona mbali na kubeba kingi, na bila chakula kile wengi wangekufa njaa. Isichokiweza kilikuwa kumshusha bibi kizee aliyepanda mwembeni na wajukuu wawili. Kazi hiyo ilibaki ya mtumbwi. Mgawanyo huo, serikali ikileta chakula kwa ndege na jirani akitoa watu majini, umejirudia Tana katika kila gharika kubwa tangu hapo.

Baada ya uhuru nchi ilianza kujijengea vyombo vyake. Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliokuwa tawi la ule wa Uingereza, uliundwa kwa sheria ya Bunge mwezi Desemba 1965. Kwa Tana, chombo hicho ndicho kitakachokuja kuonekana zaidi kuliko kingine chochote siku za maji.

Mabwawa yanabadilisha mto

Wakati huo huo huko juu, mto wenyewe ulikuwa ukibadilishwa. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa haya matano yaliipa Nairobi umeme, na Masinga, lililo kubwa kuliko yote, likawa ghala la maji ya mvua za mlimani.

Kwa watu wa chini faida na hasara zilichanganyika. Mafuriko madogo yaliyorutubisha mashamba yalipungua. Mabwawa yalimeza maji ya msimu wa kawaida, watu wakazoea kulima hadi kando kabisa ya ukingo na kujenga mahali ambapo babu zao wasingejenga. Kisha ukija mwaka wa mvua kubwa, Masinga hujaa, maji huanza kumwagika, na wingi wake hushuka kupita Garissa, Hola na Garsen kuelekea delta. Aliyezoea kusoma mto kwa mawingu, kwa rangi ya maji na kwa takataka zinazoelea, akakuta mto unaongozwa pia na kina cha bwawa lililo mamia ya kilomita juu yake. Jua linaweza kuwa linawaka Garsen huku maji yakipanda.

Jambo hili lilimdhoofisha mwenye mtumbwi mahali penye nguvu zake. Alipokuwa akisema hatuvuki, watu walimsikiliza kwa kuwa aliujua mto kuliko wao. Sasa habari muhimu kuliko zote kuhusu mto huo ilikuwa ofisini, na ilimfikia kupitia redio, chifu, au siku hizi ujumbe wa simu, pale ilipomfikia.

El Niño na kuzaliwa kwa ofisi

Gharika ya El Niño ya 1997 na 1998 iliipima nchi nzima. Wilaya za Tana River na Garissa zilitengwa kwa wiki nyingi, barabara zikakatika, mifugo ikafa kwa maelfu, na mnamo Desemba 1997 homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa juu ya yote hayo. Misaada ilikwenda kwa ndege, helikopta na boti. Msalaba Mwekundu na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walifanya kazi kubwa, na kwa mara nyingine wenye mitumbwi walihamisha watu, wagonjwa na magodoro bila jina lao kuingia kwenye ripoti.

Tarehe 20 Januari 1998 serikali iliunda Kituo cha Kitaifa cha Kushughulikia Maafa, ili jeshi, polisi, wizara na mashirika yawe na mahali pamoja pa kupokea taarifa na kutoa amri. Ofisi hiyo ilizaliwa na mvua hizo. Nchi ilikuwa tayari imepata somo chungu: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, ilipinduka Mombasa na kuua watu 272 umbali mfupi kutoka nchi kavu. Mtongwe haikuzamishwa na dhoruba. Iliondoka ikiwa imejaa kwa sababu pale kivukoni hapakuwa na aliyeweza, au aliyetaka, kuizuia.

Hatua nyingine zilifuata baharini. Mwaka 2006 Mombasa ilipata kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji wa majini, na mwezi Novemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani. Vyote ni vyombo vya lazima. Lakini macho yao yako hasa kwenye bahari, na Garsen iko bara, mahali ambapo bahari huonekana tu kwenye ramani.

Daraja, lami na dereva

Daraja lilipojengwa Garsen feri ikastaafu, na hakuna aliyeililia. Lami ya kutoka Malindi ilifuata, na miaka ya hivi karibuni ile ya Garsen, Witu hadi Lamu nayo ikakamilika. Safari iliyokuwa ya siku nzima au mbili ikawa ya saa chache. Mgonjwa wa Witu aliweza kufika hospitali kubwa akiwa hai, na embe la Ngao likafika soko la Mombasa kabla halijaoza.

Daraja hata hivyo huvuka mto pale tu mto unapokaa mahali pake. Tana ikifurika haisubiri chini ya daraja. Hupita pembeni, huingia uwandani na kuikuta barabara kwenye mabonde kama Lango la Simba, kati ya Gamba na Garsen. Mwezi Novemba 2023, kisha tena mwezi Mei 2024, maji yalipita juu ya lami eneo hilo na safari za Lamu zikasimama. Mamlaka ya barabara kuu ikatangaza kufungwa kwa njia, na abiria wakarudi kule kule kwa babu zao: kushuka basi, kupanda boti, kupanda basi jingine.

Tofauti ni kwamba kati ya maji kupanda na barabara kufungwa rasmi kuna saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, ambapo hakuna mwenye mamlaka aliyesimama ukingoni. Saa hizo uamuzi ni wa dereva. Naye ana abiria wanaolalamika, tajiri anayepiga simu, na mwenzake aliyepita asubuhi akafika salama. Maji yanayotembea, yakifika magotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakizidi kidogo tu huliinua gari, maana bodi lenye hewa ndani ni jepesi kuliko linavyoonekana. Dereva haoni kama lami imekatika chini ya tope. Maji ya Tana siku hizo yana rangi ya chai ya maziwa, hata gurudumu lake mwenyewe halioni.

Wakenya waliliona hilo mbali na Tana pia. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini liliingia mtoni likiwa limejaa watu. Zaidi ya 30 walikufa. Waliookoka walitolewa na wapiga mbizi wa pale pale mbele ya umati uliojaa ukingoni.

Aprili 2024

Mwaka 2024 ulileta mvua za masika zilizoua karibu watu 300 nchini Kenya. Tana River ilipata sehemu yake, na matukio mawili ya mwezi Aprili yanaonyesha hali ya uokoaji wa mto huu ilivyo sasa.

La kwanza ni la tarehe 9. Basi la abiria lilisukumwa na maji eneo la Tula. Abiria walitoka madirishani wakapanda juu ya basi, mkondo ukipita pande zote mbili. Kikosi cha Msalaba Mwekundu kiliwafikia kwa boti na kuwatoa wote 51 wakiwa hai. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano: boti lenye injini, jaketi za kuokoa maisha, kamba, watu waliofunzwa na uongozi mmoja. Aliyesema kwamba Kenya haiwezi aliumbuliwa siku hiyo.

La pili ni la tarehe 28. Barabara kati ya Garissa na Madogo ilikuwa imefunikwa, na watu wakawa wanavushwa kwa boti kupita juu yake. Kona Punda, boti moja iliyojaa watu ilipinduka. Msalaba Mwekundu ulitangaza kuwaokoa watu 23. Wengine walikufa. Video ya ajali hiyo ilizunguka nchini, na waliojua vyombo vya majini waliona jambo moja mapema kabla chombo hakijalala: kimebeba kupita uwezo wake.

Tula hapakuwa na wa kulizuia basi, lakini kulikuwa na waokoaji wa kutosha. Kona Punda palikuwa na boti, lakini hapakuwa na mtu wa kuhesabu abiria. Kwenye mtumbwi wa gogo mwenye chombo husema watu sita basi, wa saba angoje. Kwenye boti la kukodi siku ya gharika, kila aliyekata tamaa hupanda, na nahodha aliyetoka mbali kufuata biashara hana uso wa kumkatalia.

Baada ya kutolewa majini

Uokoaji hauishii ukingoni. Kwa vizazi vingi, Pwani na kwingineko, mtu aliyezama alipotolewa aliinuliwa miguu juu au kubanwa tumbo ili maji yamtoke. Wazungu nao walikuwa na mambo yao: katika karne ya 18 walimviringisha aliyezama juu ya pipa na kumpulizia moshi wa tumbaku kwa njia ya nyuma, wakiamini utamshtua arudi. Mbinu za kubana mgongo zilitawala hadi katikati ya karne iliyopita. Katika miaka ya 1950 daktari Peter Safar alithibitisha kwamba kupuliza hewa mdomo kwa mdomo hufanya kazi kuliko zote hizo, na mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore wakachapisha matokeo ya kukanda kifua.

Kwa aliyezama, hewa ndiyo inayotangulia, kwa sababu moyo wake husimama kwa kukosa pumzi. Asiyepumua hulazwa chali mahali pagumu, kichwa kikainamishwa kidogo kwa nyuma, akapewa pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha kifua kikakandwa mara 30 na pumzi mbili, kukarudiwa hivyo bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Kumning'iniza kichwa chini kunapoteza dakika zile zile zinazohitajika, na matapishi yanaweza kuziba njia ya hewa. Kila aliye na mtumbwi Tana angefaa kulijua hili kabla ya kujua namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu, 1199, ingawa namba nayo aijue.

Kwa ambao hawakutolewa kwa wakati, kuna kazi ngumu zaidi. Maji ya tope hayapenyi mwanga. Mpiga mbizi hutafuta kwa kupapasa, mita kwa mita, akijua kuna vigogo vya kumnasa na mamba wasioonekana. Familia hukaa ukingoni siku mbili, tatu, zikingoja mwili uelee. Wanaoingia maji hayo mara nyingi ni vijana wa kijiji, hawana bima wala mshahara.

Aliye karibu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi mno wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Tarehe 25 Julai kila mwaka Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya kuzuia vifo hivyo. Takwimu hizo hazina maana kubwa Garsen pasipo swali la nani anafika kwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alipiga kasia hadi kwenye ndege na kusaidia kufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walipona. Serikali ya Tanzania ilimpa zawadi ya fedha na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki, na ndiyo hatua ile ile ambayo Amsterdam iliichukua mwaka 1767. Kilichochelewa ni mpangilio: aliajiriwa baada ya ajali.

Tana haina haja ya kungoja ajali nyingine ili kuwajua watu wake. Mwenye mtumbwi wa Ngao, Oda, Idsowe au Chara anajulikana kijijini mwake hata na watoto. Kaunti ikimsajili, ikampa jaketi na kamba, ikamfunza kuzindua mtu, ikamlipa siku za gharika na kumpa habari za Masinga mapema, itakuwa imekamilisha kazi ambayo serikali ya 1961 haikuianza. Na Lango la Simba, pamoja na kila bonde ambapo maji hukata lami, panahitaji kizuizi chenye mtu wa kukifunga bila kungoja amri kutoka Nairobi. Boti la Tula litaendelea kuhitajika, na helikopta pia. Lakini abiria wa Tana wamekuwa salama zaidi pale uamuzi ulipofanywa kabla chombo hakijaondoka, na uamuzi huo unataka mtu anayejulikana, anayelipwa, na mwenye uwezo wa kulirudisha basi Malindi hata likiwa na mheshimiwa ndani.